Boya la Mjomba

Katika mirathi aliyoacha marehemu mjomba wangu palikuwa na vitu vitatu ambavyo warithi wenzangu walivikataa kwa sauti moja pasipo kushauriana: kinanda cha santuri kilichopoteza sindano, jogoo aliyekuwa akiwika saa tano ya usiku, na motokaa ya Land Rover ya mwaka 1968. Kinanda nilimpa jirani, jogoo aliondoka katika hesabu ya walio hai siku ya Idi, na motokaa ikabaki nami mpaka leo, imesimama chini ya mwembe nyumbani kwangu Mwananyamala, mfano wa mzee wa baraza ambaye hana la kusema, lakini hapana kikao kinachofunguliwa kabla yeye hajaketi.

Ni ile Land Rover fupi, yenye taa za mbele zilizokaribiana huku na huku ya pua, kama macho ya mtu asomaye barua bila ya miwani. Wahenga wake walioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa sababu hiyo watengenezaji waliwavisha bati za alumini; basi kutu, ilipokosa pa kuuma juu, ikashuka kwenye chesisi ikajilia kwa raha zake mpaka zamani zetu hizi. Tangi la petroli, lenye kuchukua galoni 10 za Kiingereza, yaani lita 45 na ushei, limewekwa chini ya kiti cha dereva, hata mwenye motokaa hii huketi juu ya mali yake kama kuku aketivyo juu ya mayai. Na tofauti iliyopo baina yangu na kuku ni kuwa kuku anajua amekalia kiasi gani.

Tangu siku ya kwanza nilipoipanda, mshale wa kipimo cha mafuta ulikuwa umelala kushoto kabisa, penye alama ya utupu. Ujaze tangi mpaka petroli ikumwagikie viatuni, au ulikaushe mpaka harufu nayo iondoke, mshale haukuinua kichwa. Katika ujana wangu nilidhani kuwa hiyo ni taksiri ya mjomba, mpaka yeye mwenyewe aliponifunulia siri. Alikuwa bwana shamba huko Utete, Rufiji, na motokaa aliinunua katika mnada wa serikali, ikaingia mikononi mwake katika miaka ile migumu iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na mafuta yakaadimika pamoja nazo, watu wakawa wanasubiri petroli kwenye foleni isiyo na mwanzo, na motokaa za watu binafsi zikakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Katika zamani hizo mtu mwenye petroli alikuwa na ndugu wengi kuliko waliozaliwa na babu zake wote wawili. Kila aliyekuja kuomba lita moja ya kumpelekea mgonjwa hospitali, ambaye aghalabu alikuwa mgonjwa wa kwenda ngomani, mjomba hakumkatalia, alimfungulia mlango kwa taadhima, akawasha swichi, akamwonesha mshale, akasema: "Tazama mwenyewe, mwanangu. Kipimo hakina undugu na mtu." Mwombaji alitazama, akamwonea mjomba huruma, na mara nyingine akamwachia embe mbili za kumliwaza.

Je, yeye mwenyewe alijuaje kiasi kilichomo? Alibisha hodi. Alijilaza chini ya motokaa, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole kutoka juu kushuka chini, kama mtu achaguaye fenesi sokoni: palipo hewa bati hulia, palipo petroli bati huguna, na mpaka uliopo baina ya mlio na mguno ndio kipimo. Elimu hii niliirithi pamoja na motokaa, nami nikaiongezea daftari, kwa kuwa nilikuwa karani kwa miaka 30, na karani haamini jambo lisiloandikwa. Kila asubuhi niliandika maili zilizopo, kwani motokaa yangu haijapata kusikia habari za kilomita; nikagawa kwa 16, ambazo ndizo maili inazokwenda kwa galoni moja njia ikiwa njema, au kwa 12 ikiwa nimekwama Jangwani siku ya mvua; kisha nikageuza galoni kuwa lita, maana vituo vyetu havijui galoni. Hesabu yangu ilivuka mipaka ya mataifa mawili kabla mimi sijafika Magomeni. Watoto wa mtaani, waliokuwa wakiniona kila alfajiri nimelala chali nikigonga chini ya motokaa, waliniita Babu Hodi, na wakubwa wao wakapokea jina hilo bila ya kuomba radhi. Hata hivyo, msomaji, nasema kweli tupu: katika miaka 13 ya kuendesha motokaa yenye kipimo kibovu, sikuishiwa mafuta hata siku moja.

Balaa lilianza na heri. Mpwa wangu aliposa binti huko Mbagala, posa ikakubaliwa, na wazee wakaamua kwa kauli moja kwamba bwana harusi apelekwe kwenye nikaha katika motokaa ya mjomba, kwa ajili ya adhama yake na kwa sababu haikodishwi. Nilifurahi sana, lakini mama watoto hakufurahi. Alinyamaza siku mbili, na kimya cha mke wangu ni sawa na mawingu ya masika juu ya Kisarawe, yanakwenda kunyesha kwako hata ukiyapa kisogo. Siku ya tatu akasema: "Baba, ndiyo kusema utalala chini na kanzu yako nyeupe, mbele ya wakwe, ugonge motokaa hodi?" Nilitafuta jibu katika elimu yote ya ukarani nisilipate. Nikaenda kutafuta fundi.

Fundi wa kwanza, wa hukuhuku Kinondoni, alifungua dashibodi, akapuliza vumbi, akatoa fyuzi iliyokuwa nzima akaweka nzima nyingine, akaugonga mshale kwa ukucha mara tatu, akatikisa kichwa, akadai pesa ya kuangalia. Nilimlipa, maana kwa haki aliangalia sana.

Wa pili alikuwa kijana wa Tandika, mwenye karakana chini ya mkungu, ambaye umri wake haukufika nusu ya umri wa motokaa, lakini alifikiri kwa mpango kama kadhi. Kwanza alitazama kipimo cha joto la maji, akakiona kizima, akanieleza kwamba nyuma ya dashibodi kimo kidude kinachopunguza umeme wa betri kutoka volti 12 hadi kama volti 10, nacho huvilisha vipimo vyote viwili. Madhali cha maji kinashiba, haiwezekani cha mafuta kiwe kinanyimwa chakula. Pili aliinua kiti, akafunua kifuniko cha bati, akachomoa waya uliotoka kwenye tangi, akaugusisha kwenye bodi kwa muda mfupi. Mshale, ambao mimi nilikwisha kuuhesabu katika maiti, ukaanza kuinuka polepole, kwa uzito, kama mzee aliyeamshwa kula daku, ukapita robo, ukapita nusu, ukaelekea kujaa. Nilisema "Allahu akbar" kwa sauti iliyowatoa watu katika mkahawa wa pili. Kijana akanifahamisha kwamba hapana muujiza: ndani ya kipimo umo ukanda wa madini mawili uliozungushiwa waya mwembamba, umeme ukizidi, ukanda hupata joto ukapinda na kuusukuma mshale, na umeme ukipungua, ukanda hupoa mshale ukarudi, na kwa kuwa joto halina haraka, mshale nao hauna. Basi kipimo ni kizima, na waya ni mzima.

"Sasa ugonjwa uko wapi?" nikamwuliza.

Akanitazama usoni, akasema: "Boya, mzee."

Msomaji asiyekaa Dar es Salaam huenda hajui ya kuwa neno hili lina maana mbili zisizopikika chungu kimoja. Kwa baharia, boya ni kile kielezo kilichotiwa majini kuonesha njia. Kwa vijana wa mjini, boya ni mtu mjinga, asiyejua linalotendeka, mwenye kukaa mahali pamoja akielea huku na huku kwa kila wimbi limfikialo. Nilikusanya miaka yangu 68, nikaivuta yote kifuani, nikamwambia: "Kijana, mimi ni makamo ya babu yako."

"Shikamoo, babu," akajibu kwa adabu isiyo na dosari. "Lakini na boya nalo ni la zamani."

Kabla ghadhabu haijapata maneno, alikuwa amekwisha kufungua parafujo na kutoa ndani ya tangi mkono mwembamba wa chuma, ambao mwishoni pake palining'inia kitu cha shaba ya manjano, mviringo, ukubwa wa limau. Akakitikisa sikioni pangu. Kikalia maji maji. Lilikuwa boya la haki, boya la kibaharia, ambalo kazi yake ni kuelea juu ya petroli na kupanda na kushuka pamoja nayo, na huo mkono kwa upande wa pili ukasugua waya wa ukinzani, ukinzani ukapungua tangi lijaapo na kuongezeka tangi likaukapo, na habari hiyo ikapanda kwa umeme mpaka kwenye mshale. Lakini boya lilikuwa na tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Petroli ikaingia, boya likalewa, likazama, na kutoka huko chini likapeleka habari moja tu kwa zaidi ya miaka 40. Nilisimama nimelishika kwa ajabu. Katika ukoo mzima na marafiki wote, hili peke yake ndilo lililokunywa petroli ya mjomba bila ya kuomba.

Kijana akasema kuwa boya la namna ile halipatikani madukani, walakini analo la motokaa nyingine, ambalo matundu yake yanalingana na "kazi ni ileile". Akalifunga. La mjomba akanipa mkononi, nami nikalipeleka nyumbani kama mtu achukuaye jino lake lililong'olewa.

Nilijaza tangi Jumanne jioni, usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta na wenye motokaa wakongwe hupima shinikizo lao la damu. Mshale ukainuka, ukafika kulia kabisa, ukatulia. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Niliendesha bila ya shughuli, nikaenda Msasani kumsalimu mtu niliyemsalimu asubuhi, nikaenda Sinza kuulizia bei ya kitu nisichokihitaji, ili nipate tu kuuona mshale ukishuka, kwa maana katika maisha yangu sikupata kuona jambo likipungua kwa utaratibu na kwa taarifa. Ukashuka mpaka nusu. Hapo ukasimama.

Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya pili nilipokwenda Temeke nikarudi, mshale ukabaki nusu, dhana ikawa yakini: motokaa imepona, na pamoja na kupona kipimo imepoteza hamu ya kula. Nililitangaza jambo hili barazani. Mmoja akasema petroli ya siku hizi ni nzito. Mwingine akasema injini za kale zikizeeka huridhika, kama watu. Mimi mwenyewe nikasema, kwa unyenyekevu niliouona unafaa, kwamba sehemu kubwa ni mguu wa dereva. Daftari nililifunga. Hodi nikaiacha. Na kijana wa bodaboda wa jirani, alipochungulia dirishani na kuona nusu tangi, akaomba lita mbili za kumfikisha kituoni, sikuwa na mshale wa kumwonesha. Nikampa, nikajiona karimu kuliko mjomba.

Siku ya harusi tuliondoka Mwananyamala baada ya adhuhuri, bwana harusi mbele pamoja nami, amevaa joho na kilemba, na wazee wanne nyuma kwenye mabenchi ya pembeni, magoti yamegusana, marashi ya udi yakipambana na harufu ya oili. Tukashika Barabara ya Kawawa, tukapita Magomeni, Ilala na Chang'ombe, tukaingia Barabara ya Kilwa penye Uhasibu, watu wakitupungia mikono, nami nikiwarudishia salamu kama gavana. Mara kwa mara nilimwonesha bwana harusi mshale, nikamwambia kuwa ndoa nayo ni hivyohivyo, mtu awe na kipimo. Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali, injini ikakohoa mara mbili, ikavuta pumzi, ikanyamaza. Motokaa ikajiburura kwa heshima mpaka pembeni, ikasimama, na mshale, msomaji, ukasema nusu.

Kwa kuwa mafuta yapo, nilitafuta kosa mahali pengine. Nilifungua boneti, nikashika plagi, nikafuta maji yasiyokuwapo kwenye distribyuta, nikaitukana kabureta kwa Kiswahili fasaha. Wazee walishuka mmoja mmoja, kila mmoja na shauri lake. Dakika 20 zilipita kabla bwana harusi, ambaye ni mwalimu wa hesabu na tena alikuwa na haraka kuliko sisi sote, hajauliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, lini umegonga?"

Nilitazama kanzu yangu nyeupe, nikaitazama ardhi ya Mtoni, nikajilaza. Tangi lililia kutoka juu mpaka chini, mlio mmoja mtupu, mkavu, kama debe la msimu wa kiangazi.

Kituo cha mafuta kilikuwa kikionekana, hatua 400 hivi. Nikaenda na dumu. Binti wa pampu akaniambia kwa adabu kwamba wao hujaza gari, hawajazi madumu, ndiyo amri.

"Binti yangu, gari halina mafuta."

"Basi lilete hapa, baba, tulijaze."

"Gari lenyewe ndilo lisilotaka kuja."

Hapakuwa na njia ila moja. Wazee wanne wa kanzu na makubazi, bwana harusi na joho lake amelikunja kiunoni, na vijana wa bodaboda waliokuja kwa imani na kubaki kwa kicheko, waliisukuma Land Rover yenye uzito unaopita tani moja kandokando ya njia ya mabasi ya mwendokasi, mimi nikiwa kwenye usukani nikitoa maelekezo ambayo hapana aliyeyahitaji. Tulipoingia kituoni, binti wa pampu akachungulia ndani ili ajue atie kiasi gani, akaniangalia kwa mashaka. "Baba, mbona una nusu tangi?" Nikalisikia jibu la mjomba likipanda kooni, nikalimeza. Na hapo kijana mmoja wa bodaboda, akifuta jasho, akamwambia mwenzake neno moja, nami safari hii sikuhitaji kuuliza alikusudia maana ipi.

Nikaha ilifungwa. Bwana harusi na wazee wawili walitangulia kwa bajaji, ili sheikh asingoje mpaka magharibi, nasi wengine tukafika tukikuta watu wanakula halua, na kisa chetu kimekwisha kufika kabla yetu, kimetiwa chumvi na kuiva vizuri.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi wa tatu, mzee wa Mtongani, ambaye alitoa lile boya geni, akaupima mkono wake kwa shubiri, kisha akapima kimo cha tangi. Mkono ulikuwa mfupi. Ulikuwa umefanyizwa kwa tangi la kina kidogo, na ndani ya tangi langu ulining'inia ukafika katikati, na kutoka katikati kushuka chini haukuwa na habari. "Halikukudanganya," akasema yule mzee. "Lilisema mpaka lilipofikia. Yaliyobaki ulijaza mwenyewe." Nilihisi kuwa tumeacha kuzungumza habari za motokaa, lakini sikutaka kumdadisi.

Akaniomba boya la zamani. Nililipata chini ya kitanda cha mjukuu wangu, aliyekuwa amelifanya mpira. Mzee alilitumbukiza katika maji ya moto. Kutoka ubavuni mwake pakatoka mapovu madogo madogo, moja baada ya jingine, yakionesha tundu lilipo. Akalitoboa zaidi, akamwaga petroli yote, akaliacha wazi siku mbili mpaka harufu ikaisha, maana kulehemu chombo chenye mvuke wa petroli ni kuagana na jamaa. Ndipo alipoliziba kwa lehemu, akalirudisha mahali pake alipoliweka aliyeliunda.

Sasa mshale unasema kweli. Tangi likijaa husema limejaa, likipungua husema limepungua, na jirani wa bodaboda huchungulia dirishani kila jioni akapata habari zangu zote. Hapana mtu Mwananyamala mwenye kipimo cha haki kunizidi. Juzi tulikuwa tunatoka kwenda Temeke kuhani msiba, mama watoto amekwisha kuketi mahali pake, kanga ameivuta vizuri, mkoba magotini. Akautazama mshale. "Robo tatu," akasema. "Twende."

Nikamwambia, "Subiri kidogo." Nikavua koti, nikatandika gunia, nikaingia chini, nikagonga mara tatu.

Kutoka juu, ndani ya motokaa, ikanijia sauti ya mke wangu: "Karibu."